Nawezaje kuwaonesha wanafunzi 84 maajabu ya ziwa wanaloliona kila siku?

Mwalimu wa Kidato cha Pili (muuliza swali)

Ndugu walimu, watafiti na wazazi, habari za kazi. Ninafundisha Biolojia na Fizikia katika shule ya sekondari ya kata iliyo kando ya Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo ukisimama mlangoni mwa darasa unaiona mitumbwi ikirudi asubuhi na ndege wakiifuata. Nimeleta swali ambalo limenisumbua tangu shule zilipofunguliwa Januari, na ninaomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu.

Wiki mbili zilizopita niliazima hadubini moja. Nilichota maji ya ziwani, nikaweka tone juu ya kioo, nikaona vijidudu vyenye miguu kama nywele vikirukaruka ndani ya tone lile, nikajiambia kwamba kesho yake hakuna atakayesinzia. Nina wanafunzi 84, na kipindi kilikuwa cha dakika 80. Kila mmoja alipata chini ya dakika moja, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia katika kusukumana na kurudisha lenzi iliyosogezwa na aliyetangulia. Wengi waliona kope zao wenyewe. Jioni nilipokusanya madaftari, nilikuta binti mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani ameandika sentensi moja tu: "Nimeona mwanga." Alikuwa amesema kweli, na sentensi ile sijaisahau hadi leo.

Ninataka kuanzisha klabu ya sayansi siku za Ijumaa jioni. Hatuna maabara. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Wanamjua sangara kwa uzito wake kabla hajapandishwa kwenye mzani, lakini wakiingia darasani wanakuwa kama watu wasiowahi kuliona ziwa. Lugha nayo ina sehemu yake. Nikiuliza kwa Kiingereza namna samaki anavyopumua, wanainama. Nikiuliza kwa Kiswahili mikono inanyooka. Na tukiwa nje wanaelezana kwa Kisukuma mambo ambayo mimi mwenyewe siyajui.

Ninaomba ushauri wa kitu cha kuanza nacho, kitakachowafaa wote 84 kwa macho yao wenyewe na kwa gharama ndogo. Naomba pia kujua mnafanyaje mwanafunzi anapouliza jambo ambalo mwalimu halijui, kwa sababu ninahisi hofu hiyo ndiyo inayonifanya nikimbilie kuandika nukuu ubaoni.

Mzee wa Furu

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka mingi ya kupima na kuhifadhi samaki katika maabara, na lililokupata na hadubini lilitupata sisi pia kila wanafunzi walipokuja kututembelea. Tuliwapitisha mbele ya mitungi ya samaki kwa foleni, kama waombolezaji wanaouaga mwili, kisha tukashangaa mbona hawaulizi kitu. Kilichokosekana pale ni muda. Mtoto akikabidhiwa kitu kimoja, hata kiwe cha kawaida namna gani, akaachiwa nusu saa nacho pamoja na rula na penseli, ataanza kuona mambo ambayo mwalimu hakuyapanga.

Kwa hiyo anza na furu. Najua wanafunzi wako watacheka, kwa kuwa furu kwao ni chambo cha ndoano za sangara, au ni samaki wa kukausha wa bei ya chini. Waache wacheke. Nenda mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri ununue furu wabichi 21, mmoja kwa kila wanafunzi wanne, na usichague wanaofanana. Waambie wachore samaki wao kwa ukubwa wake halisi na wahesabu miiba ya pezi la mgongoni. Usiwaeleze lolote kwa dakika 30 za kwanza.

Baada ya hapo waoneshe mambo mawili. Kwanza, tazameni pezi la chini lililo karibu na mkia. Madume wengi wana madoa ya njano au ya rangi ya chungwa, ya mviringo, mfano wa mayai. Jike wa furu akishataga huyaokota mayai yake papo hapo na kuyaweka kinywani. Dume humwonesha yale madoa, jike huyakaribia kwa mdomo, na hapo ndipo mbegu za kiume zinapoyafikia mayai yaliyo kinywani. Kisha mama huyabeba humo kwa wiki mbili hadi tatu, na kwa muda huo hali chochote au anakula kidogo sana. Watoto wa wavuvi wamekwisha kuona mayai yakimwagika kutoka kinywani mwa furu aliyevuliwa, lakini wengi wanadhani alikuwa anayala. Waulize kwanza wao wanasemaje, kabla hujawaambia.

Pili, chemsha vichwa vichache mpaka nyama ilainike, kisha kwa kijiti cha meno utoe mfupa mdogo wa pembetatu ulio kooni. Huo ni utaya wa pili. Furu ana taya mdomoni za kukamatia na nyingine kooni za kutafunia, na ukiutazama ule mfupa kwenye mwanga unaweza kukisia mwenyewe alikuwa anakula nini. Anayevunja konokono ana meno manene, butu, kama magego yetu. Anayekula mwani ana meno membamba, yaliyosongamana kama nyuzi za brashi. Niliwapima furu kwa miaka mingi, na kila nilipoutoa mfupa ule nilisimama kidogo kuutazama.

Wakishauona mfupa ndipo uwasimulie historia. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakifiki mita 90 popote. Watafiti waliotoboa tope la chini ya ziwa walikuta dalili za nchi kavu: miaka ipatayo 15,000 iliyopita hapa palikuwa pamekauka. Maji yaliporudi, furu wakaanza kugawanyika kwa chakula, kwa kina na kwa rangi, hadi kufikia spishi zaidi ya 500 ambazo nyingi hazipatikani penginepo duniani. Kwa wanaochunguza jinsi viumbe wanavyobadilika, kasi hiyo ni miongoni mwa mambo ya kustaajabisha sana, na imetokea hapo mlangoni mwa darasa lako.

Kuna furu mmoja anayeitwa kwa lugha ya kisayansi Pundamilia nyererei. Neno la kwanza ni la Kiswahili, kwa sababu ya milia yake, na la pili ni heshima kwa Mwalimu Nyerere. Alipewa jina hilo la pili mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Dume wake ana wekundu mgongoni na njano ubavuni. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana rangi ya kijivu yenye bluu. Katika maji maangavu ya baadhi ya visiwa vya ghuba yetu, mwekundu huishi chini zaidi na wa bluu huishi juu, kwa sababu katika ziwa hili mwanga wa bluu humezwa mapema na mwekundu ndio unaofika chini. Majike wa spishi hizo mbili wanakaribia kufanana, na humchagua mume kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazionekani vizuri, majike hushindwa kutofautisha na spishi mbili huanza kuchanganyika kuwa moja. Jambo hili lilichapishwa na watafiti mwaka 1997, na sehemu kubwa ya kazi yao ilifanyika katika ghuba hii hii.

Jaribio linalofuatana na kisa hicho halina gharama. Chukua mfuniko mweupe wa ndoo, ufunge jiwe chini yake ili uzame ukiwa umelala, uufunge kamba yenye alama kila sentimita 10, kisha uushushe majini mpaka usionekane tena. Andika kina. Rudieni kila Ijumaa mahali palepale na saa ileile. Baada ya mvua kubwa mtaona namba inashuka, nao wataanza kuuliza udongo ule umetoka shamba la nani.

Usiwafiche habari ya sangara. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960; kabla hajaongezeka, furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 nyavu zetu zilikuwa zinapanda bila furu. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi wamerudi tangu miaka ya 1990, na ndiyo maana bado unaweza kuwanunua hao 21. Lakini sangara huyohuyo amesomesha wengi wa wanafunzi wako, na wana haki ya kuyasikia mambo yote mawili kutoka kwako.

Kuhusu lugha, sina shaka hata kidogo: klabu iendeshwe kwa Kiswahili, na majina ya samaki yaandikwe kama wanavyoyataja nyumbani.

Muuguzi wa Kituo

Ndugu mwalimu, nimefurahi kusoma, lakini ninaomba niweke tahadhari kabla watoto hawajakwenda majini. Ninafanya kazi katika kituo cha afya upande wa Sengerema, na kichocho tunakiona kila juma.

Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hasa mchana jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini bila yeye kuhisi lolote. Kwa hiyo mwanafunzi asikanyage maji kwa ajili ya somo. Mfuniko mweupe ushushwe kutoka gatini, mtu mzima akiwa pale na wanafunzi wachache kwa zamu. Maji ya kutazamwa darasani yachotwe kwa ndoo yenye kamba, anayechota avae glavu, kisha yafunikwe na kukaa siku mbili kamili kabla ya kuguswa, kwa sababu vimelea hivyo vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya saa 48 bila kumpata mtu. Vijidudu ulivyoviona katika tone lako vingi vitakuwa bado hai. Konokono wasiokotwe kwa mikono mitupu. Mahali penye historia ya mamba au kiboko msiende kabisa, hata kama wenyeji wanasema siku hizi hawaonekani.

Ningependa pia uufanye mzunguko wa kimelea hiki kuwa somo lenyewe. Mwanafunzi akielewa kwamba mnyoo huyu anahitaji konokono na binadamu ili akamilishe maisha yake, na kwamba choo kimoja kinachotumiwa vizuri kinamkatia njia, ataielewa sababu ya dawa anazopewa shuleni badala ya kuzitupa nyuma ya darasa, jambo ambalo nimelishuhudia.

Taaluma Kwanza

Mwalimu mwenzangu, naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Mimi ni mwalimu wa taaluma, na swali nitakaloulizwa na mkuu wa shule na wazazi ni moja: je, watoto wamefaulu mtihani wa taifa wa kidato cha pili? Mtihani huo unaandikwa kwa Kiingereza. Klabu ya Kiswahili ya kuchora furu itawapendeza, lakini Jumatatu wanarudi kwenye kitabu kilekile wasichokielewa. Nimeona klabu nyingi zikianza kwa shangwe mwezi Februari na kufa kabla ya likizo ya Juni, na mwalimu aliyezianzisha akabaki na lawama za kuchelewesha mada. Sisemi usifanye. Ninasema kila Ijumaa iwe na mada yake ya muhtasari iliyoandikwa kwenye azimio la kazi, na maneno matano ya Kiingereza ambayo mwanafunzi anaondoka nayo akiwa ameshakishika kwa mikono kile kinachotajwa.

Mstaafu wa Jiografia

Mwanangu mwalimu, na wewe mwanangu wa taaluma, nawasalimu nyote. Nimefundisha Jiografia miaka 36 katika mikoa ya Mwanza na Mara. Hayo maneno matano ni ushauri mzuri na ninauunga mkono. Ila neno linashika vizuri zaidi likija baada ya kitu, kwa hiyo lije mwishoni mwa saa.

Mimi nitakupa jambo la Fizikia na Jiografia lisilohitaji maji wala samaki. Ninyi mlioko Mwanza mko takriban nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Jua linapita juu kabisa ya utosi wenu mara mbili kwa mwaka: tarehe 14 Machi na tarehe 29 Septemba hivi, ikipungua au kuzidi siku moja. Simika fimbo ya mita moja iliyonyooka mahali tambarare, na siku hiyo kivuli kitafupika, kitafupika, hadi kiingie chini ya fimbo yenyewe na kupotea. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha nne, watu wazima wenye ndevu, wakipiga magoti kukitafuta.

Wanafunzi wasikae pale saa sita kamili, maana hawatakuta hivyo. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Hizo ni nyuzi 12 za tofauti, kila moja ni dakika nne, basi jua lenu linachelewa dakika 48. Mwezi Machi huongezeka dakika kama tisa kutokana na jinsi dunia inavyolizunguka jua. Kwa hiyo kivuli kitapotea muda mfupi kabla ya saa saba mchana. Waanze kupima saa sita na nusu, kila baada ya dakika tano, mpaka saa saba na robo. Wasilitazame jua lenyewe hata kidogo. Kazi yote iko ardhini.

Sasa fungua ramani ya Tanzania na uweke rula kutoka Mwanza kushuka kusini. Utakuta Mbeya iko karibu kabisa kwenye mstari huohuo, umbali wa kilomita zipatazo 710 kwa mstari ulionyooka. Tafuta mwalimu rafiki yako kule, naye asimike fimbo ya mita moja siku hiyohiyo. Wakati fimbo yenu haina kivuli, yake itakuwa na kivuli cha sentimita 11 hivi. Chora pembetatu hiyo kwenye karatasi kwa kipimio, upime ile pembe nyembamba kwa protrakta. Pembe hiyo ni kipande cha mduara mzima wa nyuzi 360, na kilomita 710 ni kipande kilekile cha mzingo wa dunia. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita mtaalamu wa Kigiriki aliyeitwa Eratosthenes alifanya hesabu hii nchini Misri, kati ya Aswan na Aleksandria, akiwa hana simu ya kumpigia mtu wa upande wa pili. Alitumia pembe ya nyuzi 7 na moja ya tano, ambayo ni sehemu moja ya 50 ya mduara. Watoto wako wa sekondari ya kata wanaweza kuipima dunia kwa fimbo mbili, na uwiano, pembe, kipimio na latitudo vyote vimo kwenye muhtasari wa mwalimu wa taaluma.

Umeuliza ufanyeje ukiulizwa usilolijua. Mimi nilikuwa na ukurasa wa mwisho wa daftari langu la maandalio, nikiliandika swali pale mbele ya mwanafunzi, pamoja na jina lake na tarehe. Mengine niliyajibu baada ya juma. Moja nililijibu baada ya miaka minne, nikamtafuta mwenyewe sokoni Kirumba, alikuwa ameshaoa. Unaona swali la mtoto likiandikwa kwa kalamu ya mwalimu, darasa zima linakaa sawa.

Baba wa Karabai

Shikamoo mzee mstaafu, na salamu kwa wote. Mimi si mwalimu, ni mzazi, nami ninamiliki mtumbwi wa dagaa. Nimeona hapa watu wanatafuta kitu ambacho watoto wanakijua, nikaona niseme kwamba watoto wetu wanaujua mwezi kuliko watoto wa mjini, kwa sababu karo zao zinatoka gizani.

Dagaa tunamvua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa zetu hazina nguvu na dagaa hawakusanyiki, basi tunapumzika na kushona nyavu. Mwezi ukishaanza kuchelewa kuchomoza tunarudi, tunafanya kazi ile saa ya giza kabla haujatoka, na kila usiku tunapata karibu saa nzima zaidi. Mwanangu wa darasa la sita anaweza kukwambia baba yake atarudi saa ngapi kwa kuangalia mwezi wa jana. Lakini nilipomuuliza kwa nini mwezi unachelewa kila siku, alisema hajafundishwa.

Mwalimu akitaka, tutamwandikia kila asubuhi idadi ya ndoo tulizopata, na watoto waandike umbo la mwezi wa usiku huo, wabandike ukutani kwa miezi mitatu. Mimi mwenyewe ningependa kuuona mchoro huo. Tulipotoka kwenye karabai kwenda taa za betri kulikuwa na ubishi mwaloni kama rangi ya mwanga inabadilisha kitu, na hadi leo hatujakubaliana.

Mwalimu wa Kidato cha Pili (muuliza swali)

Ndugu zangu, nimekaa kimya wiki tano kwa sababu nilitaka nirudi na jambo mkononi.

Furu 21 walinunuliwa, na nusu saa ya ukimya niliitunza, ingawa dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwao. Yule binti wa "Nimeona mwanga" safari hii alijaza kurasa mbili. Alikuwa amepita mwaloni asubuhi ileile, akaona madume wekundu wakitolewa wavuni, na kufikia saa tisa samaki wa kundi lake alikuwa wa kijivu. Aliandika: "Rangi imekwenda wapi, na samaki aliyekufa anaipeleka kwa nani?" Sikujua jibu. Nimeliandika ukurasa wa mwisho wa daftari langu, kwa jina lake na tarehe, na nimewaona wenzake wakinyoosha shingo kutazama ninavyoandika. Mzee wa Furu, nakuomba unisaidie kabla sijafikisha miaka minne.

Muuguzi, maji tunayachota kwa ndoo na yanakaa siku mbili kama ulivyoagiza. Hadubini niliiazima tena, lakini safari hii niliishikiza simu yangu kwenye lenzi ya juu, na wanafunzi wakaitazama kwa makundi ya watu wanane, wengine wakiendelea kuchora. Hakuna aliyeona kope. Mwalimu wa taaluma, maneno matano ya Kiingereza yapo ubaoni kila Ijumaa saa kumi na nusu, na mkuu wa shule amekubali klabu iingie kwenye ratiba. Baba wa Karabai, chati ya mwezi na ndoo ina siku 19 sasa, na tayari wanabishana juu ya usiku mmoja wa giza uliotoa ndoo chache. Wapo wanaosema ni upepo.

Tarehe 14 Machi palikuwa na mawingu mazito mpaka saa sita na dakika 40. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuwafariji. Kisha wingu likapasuka upande wa ziwani, jua likatoka, na mbele ya watoto 84 kivuli kikaingia chini ya fimbo saa sita na dakika 57. Walipiga kelele ambayo ilimtoa mlinzi getini. Mwalimu wa Mbeya alipiga simu: kivuli chake kilikuwa sentimita 11 na nusu. Tulichora, tukapima nyuzi 6 na nusu, tukagawanya na kuzidisha, tukapata mzingo wa kilomita 39,300 hivi. Kitabu kinasema karibu 40,000.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kufuta ubao. Kijana mmoja akasema kwamba tumepoteza kilomita 700, ambazo ni karibu sawasawa na njia yote ya kwenda Mbeya, na haiwezekani zikapotea hivihivi. Wamegawanyika. Wengine wanasema fimbo ya Mbeya haikunyooka, wengine wanalaumu protrakta yetu, na mmoja ambaye baba yake ni fundi ujenzi amesema Septemba ataleta timazi na pimamaji za nyumbani, na wale wa Mbeya nao waambiwe watafute zao.